MIAKA SITA YA KUJIFUNZA KUPANGA NYUMBA

Kila mara matokeo ya mtihani wa mwisho wa shule za sekondari yatolewapo, vijana wengi wa Kenya huanza kufikiri juu ya kazi watakayoisomea katika chuo kikuu. Baadhi yao huchagua usanifu wa majengo, yaani elimu ya kubuni na kupanga nyumba. Wazazi wao wanapopata habari hiyo huuliza swali ambalo ni la haki kabisa: kwa nini kijana asome miaka sita ili ajue kupanga nyumba, na hali fundi wa kijijini, ambaye hakuingia chuo chochote, huisimamisha nyumba nzuri kwa muda wa miezi mitatu?

Swali hilo lastahili kujibiwa kwa makini. Miaka sita ni muda mrefu, na karo yake si ndogo. Mzazi anayeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kumsomesha mtoto ana haki ya kujua fedha zake zinanunua nini.

FUNDI, MHANDISI NA MSANIFU

Fundi mwashi huijua kazi yake kwa mikono. Ajua mchanga ulio safi na ule uliochanganyika na udongo. Ajua saruji imekolea ama haijakolea. Na akitazama ukuta kwa jicho moja huona kama umepinda. Ujuzi huo ni wa thamani, wala hapana jengo liwezalo kusimama pasipo fundi.

Lakini kazi ya msanifu huanza kabla ya msingi kuchimbwa. Yeye huenda kwenye kiwanja chenyewe, akatazama mteremko wa ardhi, mahali maji ya mvua yapitapo, upande utokako upepo, na njia ya kuingilia. Kisha huwauliza wenye nyumba habari za maisha yao: ni watu wangapi, ni nani mzee asiyeweza kupanda ngazi, moshi wa jiko utatokea wapi, na kama familia itaongezeka nyumba itapanuliwa upande gani. Akiisha kuyajua hayo, ndipo achorapo ramani.

Aidha, msanifu si mhandisi. Mhandisi hupiga hesabu ya unene wa nguzo na wingi wa vyuma vitakavyobeba uzito wa ghorofa. Mkadiriaji majenzi hupiga hesabu ya gharama. Msanifu ndiye mwenye kuziunganisha kazi zote hizo ili jengo liwafae watu watakaoishi ndani yake.

Hasara ya kuyadharau mambo hayo imekwisha kuonekana. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, nyumba ya ghorofa iliyokuwa karibu na ukingo wa mto katika mtaa wa Huruma, Nairobi, ilianguka, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha yao. Wakuu walieleza kwamba nyumba hiyo haikuwa na kibali cha kukaliwa na watu. Jengo huweza kuanguka kwa sababu nyingi, na si zote zilizo za msanifu. Hata hivyo, mahali pa kujenga, njia ya maji na idhini ya sheria ni miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa afundishwayo mwanafunzi wa usanifu.

ELIMU HII ILIVYOANZA NAIROBI

Zamani kijana wa Kenya aliyetaka kuwa msanifu hakuwa na budi kusafiri ng'ambo. David Mutiso, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuipata elimu hiyo, alisoma katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza. Baadaye yeye pamoja na Karl Henrik Nøstvik wa Norway walilibuni jumba la mikutano la KICC mjini Nairobi. Jumba hilo lenye ghorofa 28 lilikamilika mwaka 1973, na mwaka huo huo wajumbe wa Benki ya Dunia kutoka nchi nyingi walikusanyika humo.

Mafunzo ya usanifu katika Kenya yalianza katika Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichokuwa Nairobi, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Chuo hicho kilibadilishwa jina na cheo mara kadhaa, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku hizi masomo haya hupatikana pia katika vyuo vikuu vingine, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Katika nchi jirani, Chuo Kikuu cha Ardhi cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Makerere cha Kampala hufundisha elimu hii kwa miaka mitano. Nairobi muda wake ni miaka sita, nayo imegawanywa sehemu mbili: minne ya kwanza, kisha miwili ya mwisho.

MASOMO YA MWANZO

Mwanafunzi aingiaye mwaka wa kwanza hufundishwa kwanza kutumia macho na mkono. Huchora mti, kiti, uso wa mtu na jengo lililo mbele yake. Hutengeneza mifano midogo ya nyumba kwa karatasi ngumu na vijiti. Kompyuta hutumika sana katika kazi hii, lakini walimu wangali wakitaka mwanafunzi aweze kuchora kwa mkono, kwa sababu mtu anayechora kitu hulazimika kukitazama sawasawa.

Pamoja na hayo hujifunza vifaa vya kujengea, nguvu za nguzo na boriti, historia ya majengo, mwanga na hewa, mabomba ya maji, na sheria za ujenzi. Hapo ndipo wengi hutambua kwa nini hisabati na fizikia hutazamwa sana wakati wa kuchagua wanafunzi.

Mfano mmoja wa ngazi waweza kuonyesha jinsi mafunzo hayo yalivyo. Tuseme sakafu ya juu imeinuka sentimita 300 kutoka sakafu ya chini. Ikiwa kila kipandio kina kimo cha sentimita 15, vipandio 20 vitahitajika. Kuna kanuni ya siku nyingi isemayo kwamba kimo cha kipandio mara mbili, kikijumlishwa na upana wa mahali pa kukanyaga, chafaa kiwe sentimita 60 hadi 63 hivi, kwa sababu kadiri hiyo yalingana na hatua ya mtu mzima. Basi mahali pa kukanyaga patakuwa na upana wa sentimita 30. Kipandio cha ishirini ni sakafu yenyewe ya juu, kwa hiyo hubaki 19. Na 19 mara 30 ni sentimita 570, yaani karibu mita sita.

Mwanafunzi aliyeiachia ngazi nafasi ya mita tatu tu katika ramani yake huona sasa kwamba haitoshi. Akiifinya itakuwa ya wima mno, na mama aliyebeba mtoto mgongoni au mzee mwenye mkongojo ataanguka. Hana budi kuikunja ngazi na kuweka pa kupumzikia katikati, ama kubadili ramani nzima. Kosa hilo likigunduliwa kwenye karatasi hufutwa kwa raba. Likigunduliwa baada ya zege kukauka, hugharimu fedha nyingi, na mara nyingi mwenye nyumba huliacha lilivyo na kuishi na hatari hiyo siku zote.

JUA, UPEPO NA MVUA

Somo jingine kubwa ni hali ya hewa. Kenya imepitiwa na ikweta. Jua la asubuhi hutoka mashariki na la jioni huzama magharibi, na nyakati hizo huwa chini angani, likapenya moja kwa moja madirishani. Jua la adhuhuri hupita juu ya paa, na ukingo wa paa uliotokeza kidogo watosha kulizuia. Kwa sababu hiyo mwanafunzi hufundishwa kuzielekeza kuta ndefu zenye madirisha mengi upande wa kaskazini na kusini, na kuziacha kuta fupi zikabiliane na mashariki na magharibi. Jambo hilo haliongezi gharama hata shilingi moja likifikiriwa mapema, nalo laweza kulifanya darasa au wodi iwe mahali pa kuvumilika wakati wa joto.

Hata hivyo mahali hutofautiana. Mombasa joto lake lina unyevu, kwa hiyo upepo lazima upite nyumbani kutoka upande mmoja hata wa pili. Turkana joto ni kavu, na vumbi ni jingi. Limuru kuna baridi na ukungu. Ramani ya nyumba iliyofaa Limuru ikichukuliwa kama ilivyo mpaka Mombasa, wenyeji wake watateseka kama mtu aliyefunikwa blanketi wakati wa kaskazi.

Katika mambo haya wanafunzi hawafundishwi kuwadharau wazee. Mji wa Kale wa Lamu, ambao mwaka 2001 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, hutazamwa kama shule. Nyumba zake za mawe zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Mgeni hustaajabu kuona vyumba virefu lakini vyembamba. Sababu yake ni kwamba boriti ya mkoko ina urefu wake na haiwezi kuvuka nafasi kubwa, basi upana wa chumba ulipimwa kwa boriti. Mafundi waliozijenga hawakuwa na shahada, lakini walikijua kifaa chao, joto lao, na desturi za watu wao. Chuo humfundisha kijana kuupima na kuuandika ujuzi wa namna hiyo, ili aweze kuutumia hata mahali asipozaliwa.

DARASA LISILO NA JIBU MOJA

Katika masomo mengi mwalimu husema jibu hili ni sahihi, na lile si sahihi. Lakini kiini cha elimu ya usanifu ni darasa la kubuni, liitwalo studio, na humo hakuna jibu moja. Mwalimu huwapa wanafunzi kiwanja kimoja na haja moja, mathalani zahanati. Baada ya majuma kadhaa kila mwanafunzi hubandika michoro yake ukutani, akasimama mbele ya walimu na wenzake, na mara nyingine mbele ya wasanifu walioalikwa kutoka nje, akaieleza kazi yake.

Hapo huulizwa maswali mazito. Mgonjwa wa kifua kikuu atangojea wapi ili asiwaambukize watoto waliokuja kuchanjwa? Hewa itaingilia wapi na itatokea wapi? Mama mjamzito akifika usiku atauona mlango? Mgonjwa aliyelala machelani ataweza kupinda kona hii? Maji yakikatika, tangi liko wapi? Kijana aliyekesha siku tatu akichora ukuta wa mbele wenye kupendeza, wala hakufikiri juu ya machela, huambiwa hadharani kwamba kazi yake haifai, na kwamba aanze upya.

Jambo hilo huwavunja moyo wengi, na hasa wale waliokuwa wa kwanza katika shule zao. Lakini ndilo fundisho lenyewe. Msanifu atatumia fedha za watu wengine, na makosa yake yatakaliwa na watu wasiomjua. Ni afadhali aulizwe maswali hayo chuoni kuliko kuulizwa na mgonjwa.

MIAKA MIWILI YA MWISHO, NA SHERIA

Mwishoni mwa mwaka wa nne mwanafunzi aliyefaulu hupewa shahada ya kwanza. Hapa wazazi wapaswa kuangalia sana. Shahada hiyo ni halali, nayo yaweza kumpatia mtu kazi katika ofisi ya wasanifu au katika kazi nyingine zihusuzo ujenzi. Lakini peke yake haitoshi kumfanya mtu aandikishwe kuwa msanifu kamili. Hana budi kuendelea kwa miaka miwili zaidi, afanye utafiti wake mwenyewe, aandike kitabu cha utafiti huo, na abuni jengo kubwa kutoka mwanzo hata mwisho.

Hata akiisha kumaliza miaka yote sita, bado hajafika. Kwa Sheria za Kenya, Sura ya 525, hakuna ruhusa ya mtu kujiita msanifu wa majengo pasipo kuandikishwa na bodi ya kuwasajili wasanifu na wakadiriaji majenzi, ijulikanayo kwa herufi BORAQS. Kabla ya kuandikishwa, mhitimu hufanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, kisha hufanya mitihani ya bodi. Sheria hii ni ngao ya mwananchi. Mtu anayejenga aweza kuuliza kama mchoraji wa ramani yake amesajiliwa, na asione haya kuuliza.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa karo, mzazi yafaa ahakikishe kwamba mafunzo ya chuo anachokitaka yanakubaliwa na bodi hiyo. Shahada isiyokubaliwa yaweza kumfungia kijana mlango baada ya miaka yote hiyo.

GHARAMA ZISIZOANDIKWA

Zaidi ya karo, kuna gharama ambazo hazionekani katika barua ya chuo. Mwanafunzi huhitaji karatasi, kalamu, karatasi ngumu za kutengenezea mifano, kompyuta yenye nguvu, na fedha za kuchapisha michoro mikubwa. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, husaidia wengi, lakini mkopo hauna budi kurudishwa. Tena kazi ya studio hula usiku, na mwanafunzi wa usanifu hana nafasi kubwa ya kufanya vibarua vya kujikimu kama wenzake wa masomo mengine.

Tena ifahamike kwamba shahada hii si ahadi ya utajiri. Ujenzi ukipungua nchini, ofisi za wasanifu hupunguza watu. Anayesoma kwa tamaa ya fedha tu huenda akajuta.

MWANA WA GANDO

Faida ya elimu hii yaweza kuonekana katika habari za Diébédo Francis Kéré. Yeye alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchi ya Burkina Faso. Kijijini kwao hapakuwa na shule, kwa hiyo alipokuwa na umri wa miaka saba aliondoka kwao kwenda kusoma mjini Tenkodogo. Darasa lake lilikuwa la matofali ya saruji, lenye giza na joto kali, na watoto walisongamana humo. Mwaka 1985 alikwenda Ujerumani kujifunza useremala. Baadaye alisoma masomo ya jioni, akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu, na akapata shahada yake mwaka 2004.

Kéré hakungoja shahada ndipo awafae watu wake. Akiwa angali mwanafunzi alikusanya michango, akachora ramani ya shule ya msingi ya Gando, nayo ikakamilika mwaka 2001. Aliposhauri ijengwe kwa udongo, watu wengi kijijini walishuku, kwa maana walikuwa wamezoea kuona nyumba za udongo zikibomolewa na mvua. Yeye akawaonyesha kwamba udongo ukichanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa huwa tofali imara. Watoto walileta mawe ya msingi, wanawake walichota maji ya kufyatulia matofali, na mafundi wa pale pale wakafundishwa kazi mpya.

Paa ndilo lililoonyesha elimu yake. Bati likiwekwa karibu na vichwa vya watoto huwachoma kama tanuri. Kéré aliweka dari ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa, kisha akaliinua bati juu sana ya dari hiyo kwa vyuma vyembamba. Hewa ya moto iliyo darasani hupanda ikatokea juu, na upepo upitao kati ya dari na bati huichukua. Darasa hupoa pasipo umeme. Shule hiyo ilianza na watoto wapatao 120, na baadaye wakazidi hata kufikia 700. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kupita zote katika kazi ya usanifu, akawa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Kenya nayo imeonja matunda ya elimu hiyo. Karibu na Ziwa Turkana, Kéré alibuni chuo cha vijana cha kujifunzia kazi za kompyuta, kilichokamilika mwaka 2021. Juu yake kuna minara mirefu ifananayo na vichuguu vya mchwa vya nchi ile. Minara hiyo hutoa hewa ya moto juu, na hewa yenye ubaridi huingia kwa chini, ili vumbi na joto visiharibu mitambo. Mchwa walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani. Msanifu aliwatazama, akapima, akachora.

KABLA YA KUCHAGUA

Kijana anayefikiria kusomea usanifu aweza kujipima mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi moja. Na achukue kamba na karatasi, aipime nyumba ya kwao chumba kwa chumba, kisha aichore kwa vipimo vyake. Na aandike jua huingilia wapi asubuhi, maji ya mvua huelekea wapi, na ni chumba gani watu hukikwepa, na kwa sababu gani. Halafu amwendee fundi anayejenga karibu, aombe kutazama kazi kwa siku chache, na kumwuliza ni makosa gani huyaona mara kwa mara katika ramani aletewazo.

Akiona kazi hiyo inamchosha upesi, ni heri ajue mapema, kwa maana miaka sita itakuwa ya namna hiyo hiyo. Lakini akijikuta amekaa mpaka jioni akitafuta namna ya kulihamisha dirisha moja ili bibi yake apate mwanga wa kushonea, basi mzazi wake aweza kuanza kuulizia habari za karo.